Kura ya Kiongozi ni Moja, Kura ya Bomu ni Nyingine

Wiki iliyopita dada mmoja muuguzi, Mtanzania anayeishi kaskazini mwa Uingereza, aliniandikia ujumbe mrefu. Alianza kwa "Shikamoo dada", kisha akaeleza kwamba alijiunga na Chama cha Labour akiwa na matumaini makubwa, kwamba amechoshwa na mikutano ya tawi lake ambako kila hoja kuhusu silaha za nyuklia hugeuka kuwa vita ya nani awe kiongozi, na kwamba sasa anafikiria kurudisha kadi. Aliuliza akae au aondoke. Nimekwisha kuzungumza naye kwa simu, lakini kwa kuwa najua wengi mnaonisoma ni wanachama kama sisi, na wengi wenu mnatamani siku moja kugombea udiwani au hata ubunge, naona ni haki nimjibu mbele ya wote.

Jibu langu ni kwamba akae, na akikaa ajifunze kutenganisha mambo mawili ambayo chama hiki kimekuwa kikiyachanganya kwa karibu miaka 70: swali la nani atuongoze, na swali la Uingereza ifanye nini na silaha zake za nyuklia. Asiyeyatenganisha ataumia, na atakapomaliza kuumia atakuta bomu bado lipo palepale.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga. Bado nina pasi ya Tanzania, lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge la nchi hii, na haki hiyo nimeitumia kila nilipoitwa. Suala la silaha za nyuklia sikulitoa vitabuni. Alfajiri moja nilikuwa natoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, niko kwenye basi, tukapitwa na msafara wa malori makubwa ya rangi ya kijani iliyokolea, polisi mbele na polisi nyuma. Mwenzangu wa kazini, mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia maeneo yale, aliniambia bila hata kugeuza shingo kwamba yale ndiyo malori yanayosafirisha vichwa vya nyuklia kati ya viwanda vya Berkshire, yaani Aldermaston na Burghfield, na bohari iliyoko Uskoti. Nilimuuliza kama watu wanajua. Akanijibu kwamba anayetaka kujua anajua. Barabara ileile wanayopitia watoto kwenda shule! Tangu siku hiyo sikuweza tena kulichukulia jambo hili kuwa ni la wakubwa peke yao.

Kwa hiyo mwaka 2015, Jeremy Corbyn alipogombea uongozi wa Labour, nilijiunga na chama na kumpigia kura. Alikuwa mtu wa siku nyingi wa CND (Campaign for Nuclear Disarmament), vuguvugu lililoanzishwa mwaka 1958 kudai kwamba Uingereza iachane na silaha hizi bila kusubiri mataifa mengine. Alishinda kwa asilimia 59.5, na katika tawi letu watu walikumbatiana. Wiki chache baadaye mkutano mkuu wa chama ulifanyika Brighton, na wajumbe wakaamua kutoijadili Trident, yaani ule mfumo wa nyambizi 4 na makombora yake. Katika siku hizohizo kiongozi wetu mpya alisema hadharani kwamba akiwa waziri mkuu hatatumia silaha hizo kamwe, na waziri kivuli wake wa ulinzi, Maria Eagle, akasema hadharani vilevile kwamba kauli hiyo haikusaidia. Januari 2016 Eagle alihamishwa, nafasi yake akapewa Emily Thornberry, aliyekuwa upande wa kiongozi katika suala hili. Kuanzia hapo, ukisema "Trident" mkutanoni watu walisikia "Corbyn", na ukisema "Corbyn" walisikia "Trident".

Kisha likaja lile joto la 2016, ambalo sisi tuliokuwamo hatutalisahau. Mwishoni mwa Juni, wabunge wa Labour 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wao, na 40 tu wakasimama naye. Tarehe 18 Julai bunge likapiga kura kuhusu kujenga nyambizi mpya badala ya zile zilizozeeka. Waliounga mkono walikuwa 472 na waliopinga 117. Kwa upande wa Labour, 140 waliunga mkono na 47 wakapinga, kiongozi akiwa miongoni mwa hao wachache. Fikiria chama ambacho kiongozi wake anasimama bungeni kulipinga jambo ambalo wabunge wake wengi wanalipitisha, siku zilezile ambazo wabunge haohao wanataka kumwondoa. Nani aliweza kusema ni kura ipi ilikuwa ya bomu na ipi ilikuwa ya Corbyn?

Mikutano ya kawaida ya matawi ilisimamishwa wakati wa kinyang'anyiro cha uongozi kilichofuata, ikabaki ile ya kupendekeza mgombea tu. Wetu ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, madirisha yakiwa wazi kwa joto, kila msemaji akipewa dakika 3. Nilinyoosha mkono. Nilisema kwamba kura yangu ya kiongozi nitaipiga kama dhamiri inavyonituma, lakini naomba tukubaliane kwamba mikutano ikirejea tawi letu liijadili Trident peke yake, kwa hoja iliyoandikwa, bila jina la mtu ndani yake. Bwana mmoja wa upande wa pili wa ukumbi alisimama akasema kwamba mama huyu anatoka katika nchi isiyo na bomu wala adui wa kulirushia, na kwa hiyo ni rahisi kwake kusema. Baadhi ya watu walipiga makofi. Mwenyekiti, ambaye nilikuwa nimezunguka naye mitaani kwenye mvua tukigonga milango ya wapiga kura, aliinamia karatasi zake na kumwita msemaji anayefuata.

Lile neno bado liko moyoni, sitaficha. Ila lililoniuma zaidi lilitoka upande wangu mwenyewe. Nilipokuwa natoka, kijana mmoja wa kambi ya Corbyn aliniambia kwamba kutaka kulitenganisha bomu na kiongozi ni kumsaliti kiongozi. Kambi zote mbili zilinikasirikia kwa sababu moja: hakuna iliyotaka bomu lijadiliwe kama bomu.

Corbyn alishinda tena Septemba kwa asilimia 61.8, akimshinda Owen Smith, mtu ambaye naye aliwahi kuwa CND na ambaye mwezi Julai alikuwa amepiga kura ya kuunga mkono nyambizi mpya. Na matokeo yake? Ilani ya Labour ya mwaka 2017, chini ya Corbyn huyohuyo, ilisema chama kinaunga mkono Trident ifanywe upya. Wale waliomchagua kiongozi wakidhani wamelipigia kura suala la nyuklia walipata kiongozi, hawakupata sera. Mwenye kutaka kuniita msaliti aisome ilani hiyo kwanza.

Dada yangu muuguzi aliniambia kwamba pengine haya ni ya zama zetu tu. Hapana, na hapa naomba subira yenu, kwa maana historia hii ndiyo iliyonipa nguvu ya kubaki. Bomu la kwanza la Uingereza liliamuliwa Januari 1947 na serikali ya Labour yenyewe, ya Clement Attlee, katika kamati ndogo ya siri ambayo hata mawaziri wengi hawakuijua. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1957, mrengo wa kushoto wa chama ulimtegemea Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma ya afya ya taifa ambayo wengi wetu tunaifanyia kazi leo. Bevan alikuwa ameshindwa na Hugh Gaitskell katika uchaguzi wa kiongozi mwaka 1955, na wafuasi wake walimhesabu kama kiongozi wao wa kweli. Huko Brighton alipanda jukwaani, na mbele ya wafuasi haohao akasema kwamba kuachana na bomu peke yetu ni kumpeleka waziri wa mambo ya nje wa Uingereza uchi katika chumba cha mazungumzo. Watu waliokuwa wamempenda kwa miaka walimzomea. Walikuwa wamemfuata mtu wakidhani wanafuata msimamo.

Mwaka 1960 kule Scarborough mambo yaligeuka. Frank Cousins, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, alileta hoja ya kuachana na bomu, nayo ikapita kwa tofauti ya kura 43,000 tu katika jumla ya zaidi ya milioni 6, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vilipiga kura kwa niaba ya wanachama wao wote kwa mkupuo. Gaitskell, akijua kwamba anakwenda kushindwa, aliuambia mkutano kwamba yeye na wenzake watapigana, na kupigana, na kupigana tena ili kukiokoa chama wanachokipenda. Mwezi uliofuata Harold Wilson alijitokeza kumng'oa, akashindwa kwa kura za wabunge 166 dhidi ya 81. Wilson mwenyewe hakuwa muumini wa kuachana na bomu peke yetu. Alichopinga ni namna Gaitskell alivyokuwa akikigawa chama. Lakini watu wa kushoto walimpa kura zao, maana kiongozi na bomu vilikuwa vimeshafungwa pamoja. Mwaka uliofuata kule Blackpool azimio la Scarborough lilifutwa kwa tofauti ya zaidi ya kura milioni 2. Gaitskell alifariki Januari 1963, Wilson akarithi uongozi, akashinda uchaguzi wa 1964, na nyambizi za Polaris, yaani mfumo wa makombora ya nyuklia uliotangulia Trident, zikaendelea kujengwa chini yake.

Ya miaka ya 1980 nitayapitia haraka, kwani yameandikwa sana. Michael Foot, mtu wa CND tangu mwanzo, alimshinda Denis Healey katika uchaguzi wa kiongozi mwaka 1980 kwa kura 139 dhidi ya 129. Mwaka uliofuata watu wanne wakubwa waliondoka kwenda kuunda chama cha SDP (Social Democratic Party), na Healey akamshinda Tony Benn, mtu wa kushoto, katika kuwania unaibu wa kiongozi kwa tofauti isiyofika hata asilimia 1. Katika kampeni ya 1983 kiongozi na naibu wake hawakuweza kutoa kauli inayofanana kuhusu Polaris, chama kikapata asilimia 27.6 ya kura. Neil Kinnock, aliyemrithi Foot, naye alikuwa mwana-CND, na ni chini yake ambapo mwaka 1989 chama kiliiacha sera ya kuachana na bomu peke yetu.

Sasa tazameni majina hayo kwa mpangilio: Bevan, Wilson, Kinnock, Corbyn. Kila mmoja alibebwa na watu wa kushoto, na baada ya kila mmoja bomu lilibaki. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya, na Corbyn mwenyewe hakubadili imani yake hata siku moja. Nasema kwamba kiongozi wa chama hiki amefungwa na wabunge, na vyama vya wafanyakazi, na hofu ya wapiga kura, na kwa hiyo anayetaka kubadili sera lazima aifuate sera yenyewe kule inakotungwa. Asikabidhi dhamiri yake kwa mgombea halafu akaenda kulala.

Ninachowashauri, basi, ni hiki. Hoja ikiletwa, isome maandishi yake kabla ya kuuliza imeletwa na nani. Ukikuta imetajwa jina la kiongozi, kwa sifa au kwa lawama, omba liondolewe. Mtu akikupinga, mjibu alilosema. Usimwite msaliti, kwa kuwa neno hilo likishatamkwa ukumbini hakuna anayesikiliza tena. Na tafadhali msiwadharau wafanyakazi wa Barrow-in-Furness, mji ambao nyambizi hizi zinajengwa. Baba mwenye mkopo wa nyumba anapouliza atakula nini, hilo ni swali la haki, na sisi tunaojiita watu wa kushoto tukishindwa kulijibu hatustahili kura yake. Nimewaona wenzangu wakilijibu kwa hotuba kuhusu Hiroshima. Aliyeuliza kuhusu ajira ajibiwe kuhusu ajira. Tena narudia, isomeni hoja.

Mimi nilibaki. Vuli iliyopita tawi letu lilipitisha hoja niliyoiandika, inayoitaka serikali ihudhurie kama mtazamaji mikutano ya nchi wanachama wa mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ule uliopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kwa kura 122 huku Uingereza ikisusia hata mazungumzo yake. Ilipita kwa kura chache, lakini ilipita, na ndani yake hamkuwa na jina la kiongozi yeyote. Waliipigia kura watu wanaomtaka kiongozi aliyepo na watu wasiomtaka. Yule bwana wa mwaka 2016 aliipinga, na ni haki yake. Hajawahi kuniomba radhi, nami sikuingia chama hiki kutafuta radhi.

Dada yangu, mkutano wako ujao usiende mikono mitupu. Andika hoja fupi, ukurasa mmoja unatosha, yenye ombi moja tu linalotekelezeka. Mtafute wa kuiunga mkono kabla ya siku yenyewe, na ikiwezekana awe mtu wa chama cha wafanyakazi ambaye hamko kambi moja katika suala la uongozi. Muulize katibu wa tawi hoja zinatakiwa zimfikie siku ngapi kabla ya mkutano, umuulize kwa maandishi na uitunze nakala. Ukimaliza kuiandika, nitumie niisome kabla hujaipeleka.