Kwa mnaoanza kutembeza wageni Lamu: adabu ya ulimi haitoshi

Kijana anayeingia kazi ya kutembeza wageni hapa Lamu hufundishwa adabu kabla hajafundishwa njia. Piga hodi kabla hujaingia kwenye daka la watu, yaani ukumbi wa mlangoni. Waamkie wazee waliokaa barazani, hata kama una haraka na wageni wanne wanakufuata. Kwenye uchochoro mpishe punda aliyebeba mawe, maana yeye hatakupisha. Usiku punguza sauti. Hayo ni mema, na mtu mwepesi huyashika kwa muda mfupi. Kisha wengi hufika hapo wakadhani wamemaliza, wakajihesabu watu wa tabia njema.

Mji wetu una ulimi laini, na sisi wenyewe hudanganyika nao. Wapo wenye salamu ndefu kuliko safari yenyewe, na wageni wao hurudi wakinung'unika. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mimi tabia ya mtu wa kazi hii naitazama pale ambapo kusema kweli kunamtoa pesa mfukoni.

Chukua safari ya Takwa. Magofu yale yako ng'ambo, kisiwani Manda, ni mji ulioachwa katika karne ya 17, na mashua huufikia kwa kupita hori lenye mikoko pande zote. Maji yakijaa unapita. Yakipwa, ni matope. Mgeni hajui bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wala maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Amekuja kwa siku mbili, pesa anayo, na anataka kwenda sasa hivi. Unaweza kuipokea, ukaondoka naye, na mkikwama ukamwambia ni mapenzi ya Mungu. Atakuamini, na hakuna atakayekushtaki. Au umwambie kwamba maji hayafai mpaka saa tisa, na saa tisa wewe una watu wengine, kwa hiyo akamtafute nahodha mwingine pale gatini. Pesa hiyo imekwenda kwa mwenzako, na jioni hakuna atakayekusifu.

Kusi likivuma kwa nguvu ni vilevile. Nahodha akikataa kutoka nje ya Shela, kwenye bahari wazi, baharia mpya humwona mwoga, tena humwona anatupa riziki ya watu. Mwacheni akatae. Na nyinyi msimzunguke nyuma mkamtafutia mgeni mashua ya mtu asiyekataa.

Mtu ataniuliza: na mimi ambaye moyo huo sina, nifanyeje? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza tabia kuwa ni hali iliyokita ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi bila mtu kuhitaji kufikiri. Akaeleza pia kwamba anayetaka kuwa mkarimu ajikalifishe kutoa kama watoavyo wakarimu, mpaka kutoa kuwe ndiyo tabia yake. Mimi naipenda zaidi hiyo nusu ya pili, kwa sababu haimfungii mlango mchoyo. Ndani ya mashua, kujikalifisha ni jambo dogo tu: taja bei yote kabla ya kung'oa nanga, sema kama chakula kimo au hakimo, sema mtarudi saa ngapi. Yataje hata siku ambayo mgeni haulizi. Ile siku ambayo haulizi hasa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo ulimi huwa mzito.

Kuhusu komisheni, sina ugomvi na duka linalompa fungu lake aliyeleta mteja. Ugomvi wangu ni kumwambia mgeni kwamba fundi fulani wa mtaa wa Langoni amefunga, na fundi yumo kazini mlango wazi, kwa sababu tu yeye hatoi fungu. Umemdhulumu mtu ambaye hata hajui kwamba ulipita.

Picha: kina mama waliokaa mlangoni kwao hawakuajiriwa na mgeni wako. Mwambie ashushe kamera kabla hajapiga, si baada. Akikununia, na anune.

Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, mji ukifurika watu wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, utakutana na bibi kizee ameshuka chomboni na mizigo yake, anaulizia nyumba ya jamaa zake. Huyo si mtalii na hana cha kukupa. Mbebee mzigo mpaka mlangoni, kisha urudi kwa wateja wako. Nawaambia haya kwa sababu msimu huo ndio kila mtu gatini hujifanya ana shughuli.

Kitu kilichosahauliwa mashuani, simu au miwani, kikabidhi kwa nahodha siku ileile, na awepo mtu wa tatu anayeona.

Bakshishi ndiyo inayovunja urafiki wa mabaharia kuliko jambo lolote. Mgeni humpa yule aliyezungumza naye, na aliyezungumza naye ni wewe, kwa kuwa Kiingereza unakijua. Mwenzako aliyefua maji ngamani, chini ndani ya mashua, na kuchoma samaki kule kisiwani Manda Toto yuko nyuma anakunja tanga, hakuona kitu. Mwite. Mgawane palepale, noti zikiwa zinaonekana, kabla hamjapanda ngazi za gati. Ukifika nazo nyumbani utaanza kupiga hesabu nyingine.