Picha za Zamani: Usianze na Orodha, Anza na Ukoo

Watu wakishajua unapenda picha za zamani, za sinema, ombi lao ni moja tu: "Nitajie kumi kali za muda wote." Nimeombwa hivyo kwenye daladala ya Njiro, nimeombwa msibani, na mpwa wangu anayesoma chuo aliniandikia usiku wa manane akidai orodha kama anadai ada. Siku hizi sitoi orodha kwa mtu. Najua kitakachofuata: ataingia mtandaoni, atakuta wataalamu wameiweka Citizen Kane ya mwaka 1941 juu kabisa, ataipakua kwa bando la usiku, na kabla nusu saa haijaisha atakuwa anakoroma. Kesho yake anatangaza kijiweni kwamba picha za zamani zinaboa. Citizen Kane naipenda, tena sana, lakini si ya kuanzia.

Anza na picha uliyoipenda utotoni, ile ya kibanda umiza, halafu uliza ni mtoto wa nani. Picha zina ukoo. Zina baba na babu, zina shangazi aliyeolewa nchi ya mbali. Ukiupanda ukoo huo taratibu utajikuta mwaka 1954, Japani, na hutajisikia mgeni, maana sura utakuwa unazifahamu.

Tuliokulia Ngarenaro, hapa Arusha, hatuna shida ya pa kuanzia. Kibanda chetu kilikuwa na mabenchi ya mbao, runinga iliyofungiwa kwenye kabati la nondo, deki iliyokuwa ikichemka mpaka inatafuna kanda, na Jumapili mchana picha la Kihindi. Kwa hiyo mimi naanza na Sholay.

Sholay ilitoka mwaka 1975, mwongozaji Ramesh Sippy. Thakur, askari polisi mstaafu aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anawatafuta wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamkamatie adui yake akiwa hai. Amitabh Bachchan ndiye Jai, Dharmendra ndiye Veeru. Hadithi wengi mnaijua. Ninachokuomba urudie kukiangalia ni namna Gabbar anavyoingia. Vijana wake watatu wamerudi mikono mitupu kutoka kijijini, wamesimama chini ya miamba wanatetemeka. Sura yake hatuonyeshwi kwanza. Tunaona buti zinakwenda na kurudi juu ya jiwe, tunasikia mkanda unaburuzwa nyuma yake, chuma kinakwaruza mwamba. Anauliza walikuwa watu wangapi. Wawili. Ninyi watatu, na mmerudi! Amjad Khan hakuwa na jina kubwa kabla ya hapo, na kwa mwendo ule tu akamaliza kazi. Linganisha na maadui wa picha za siku hizi wanaolipua jiji zima na bado humwogopi hata mmoja.

Halafu kuna kifo cha Jai. Kibandani tulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: steringi hafi. Amitabh alipokata roho mikononi mwa Veeru, kuna kaka mmoja alisimama akamtaka mwenye kibanda arudishe kanda nyuma, akidhani imerukwa sehemu. Na mwisho wa picha nao una kisa. Sippy alipiga Thakur akimuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, askari kujichukulia sheria mkononi haikuwapendeza, ndiyo maana katika nakala tuliyoizoea polisi wanatokea dakika ya mwisho. Ule mwisho wa kwanza sasa unapatikana. Tafuta yote miwili uangalie siku moja, kisha uniambie upi ulikutuliza.

Sasa panda ngazi. Wanakijiji wanyonge, majambazi wanaokuja kuvuna wasichopanda, watu wa silaha wanaokodiwa kuwatetea: hayo Sholay iliyapata kwa Wamarekani, kwenye The Magnificent Seven ya mwaka 1960. Nao Wamarekani waliyachukua Japani, kwenye Seven Samurai ya Akira Kurosawa, mwaka 1954. Ile ya Marekani unaweza kuipitia haraka. Ya Kurosawa tenga siku. Ina karibu saa tatu na nusu, haina rangi, inasema Kijapani, na ukishafika katikati hutakumbuka hata moja kati ya hayo matatu.

Niliiangalia na baba mdogo, mkulima wa Kibosho, aliyenitembelea kwa shughuli za hospitali na kukwama kwangu kwa sababu ya mvua. Mwanzoni alikuwa ananionea huruma tu. Kisha ikafika pale wakulima wanapomwomba Kambei, samurai mzee aliyenyoa kichwa, awasaidie. Hawana fedha. Wana mchele, nao wenyewe wanakula mtama ili yule wanayemwomba apate wali. Kambei anapokea bakuli, anaelewa, anasema chakula hicho hatakila bure. Baba mdogo akakaa vizuri kwenye kochi. Kuanzia hapo hakuondoka, na maswali yake yalikuwa ya mtu wa shamba: mchele huo wametoa debe ngapi, mbona wameacha zile nyumba za ng'ambo ya mto bila ulinzi, na huyu Kikuchiyo anayejidai samurai, si ni mtoto wa mkulima huyu? Toshiro Mifune, anayemcheza Kikuchiyo, alikuwa bado hajalitoboa, lakini mzee alishamjua kwa anavyosimama.

Ukimpenda Kurosawa, tawi la pili ni la makauboi. Yojimbo yake ya mwaka 1961 ilibebwa na Sergio Leone, Mwitaliano, ikawa A Fistful of Dollars mwaka 1964, bila ruhusa. Kampuni ya Japani ilidai na ililipwa. Leone akaendelea mpaka The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, iliyopigwa Hispania ingawa inajifanya Marekani. Kwa takriban dakika kumi za mwanzo hakuna anayesema neno, na pale mwisho makaburini watu watatu wanatazamana tu huku muziki wa Ennio Morricone ukipanda. Macho, mkono, bastola, macho tena. Usiiangalie kwenye simu hiyo. Azima runinga.

Wa karate wanajijua. Enter the Dragon, mwaka 1973, ile ya chumba cha vioo. Bruce Lee alifariki Julai 20 mwaka huohuo, kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema. Mimi lakini nikipewa kuchagua moja naichukua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. Sehemu kubwa yake ni mazoezi, Gordon Liu anabeba ndoo za maji mikono imenyooka, visu vimefungwa chini ya mikono ili akilegea vimchome. Bombani kwetu machalii walijaribu, bila visu, na ndoo za watu zilipasuka.

Na wewe wa mazombi, babu yako ni Night of the Living Dead ya mwaka 1968, ya George Romero. Imepigwa kwa fedha kidogo, nyumba moja ya shambani, watu wachache wanaogombana ndani huku wafu wanabisha nje. Steringi ni Duane Jones, mtu mweusi, katika Marekani ya mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King, na hakuna mhusika hata mmoja anayetaja rangi yake. Mwisho sisemi. Habari njema kwa mfuko wako: wasambazaji walipobadilisha jina la picha walisahau kuweka tangazo la hakimiliki, kwa hiyo iko huru, unaiangalia mtandaoni bure na kihalali. Hata picha nyingi za kimya za miaka ya 1920 zimeshakuwa mali ya umma Marekani. The Kid ya Charlie Chaplin, mwaka 1921, mwekee mtoto wa miaka sita. Maneno ya kutafsiri ni machache.

Nikigusa kutafsiri, najua wengine mtauliza kuhusu zile za kina Lufufu, mtu anapozungumza juu ya picha nzima, anachekesha, anawapa wahusika majina ya mtaani. Nawaheshimu, wametulea. Lakini kwa picha unayoijaribu kwa mara ya kwanza, chukua yenye maandishi chini, kwa sababu nyingi ya picha hizi zinategemea ukimya, na mtafsiri halipwi kunyamaza. Kama Kiingereza cha maandishi kinakukimbia, punguza kasi, simamisha, rudisha. Hakuna anayekusubiri. Na zile ndefu zigawanye. Sholay ilitengenezwa na mapumziko katikati, kwa hiyo ukisimama kuchemsha chai humkosei mtu.

Kuna moja haina undugu na chochote cha kibandani, nami huwa naitumia kumpima mtu: 12 Angry Men ya Sidney Lumet, mwaka 1957. Chumba kimoja, raia kumi na wawili waliopewa kazi ya kuamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji ana hatia, kumi na mmoja wanasema anayo, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Dakika 96. Wanaofahamu wazee wa baraza wa mahakama zetu wataingia haraka. Angalia kamera inavyoanza juu ya vichwa na kushuka kidogo kidogo, na kuta zinavyozidi kuwasogelea kwa sababu Lumet alikuwa akibadilisha lenzi kadiri joto linavyopanda. Mpwa wangu yule wa usiku wa manane alianza kwa kulalamika, "Anko, hawa watatoka humu ndani saa ngapi?" Alipomaliza akaniuliza kama kuna nyingine ya hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Ukiwa Arusha na hujaiona Hatari!, nakushangaa. Howard Hawks aliileta kampuni yake huku Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960, ikatoka mwaka 1962, John Wayne akiwa kiongozi wa kundi la wakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama huko Ulaya na Marekani. Ngome yao ni Momella, na mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alipapenda pale mpaka akanunua shamba na kuishi. Hadithi yenyewe ni nyepesi, mapenzi na utani, na inazidi saa mbili na nusu. Raha iko kwenye kufukuzana. Mkamataji anakaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele ya gari, ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo, na kifaru anageuka kulichoma lori. Hawks alisema waigizaji walifanya kazi hiyo wenyewe, na ukiangalia hutabisha sana. Watoto watapenda ndama wa tembo na ule muziki wa Henry Mancini unaowasindikiza.

Iangalie na wazee. Mimi niliiweka kwa jamaa Usa River, na ndugu wawili wenye mvi walianza kubishana barabara ile ni ipi, mti ule bado upo au ulikatwa. Tulisimamisha picha mara nyingi mpaka mama mwenye nyumba akatuletea chakula cha jioni kabla ya kifaru wa pili. Hapo hapo mmoja wao akasema jambo ambalo nami limekuwa likinikera: watu wetu wamo muda wote, wanashika kamba, wanaendesha, wanapika, na hadithi ya hata mmoja wao hatuijui. Ndivyo ilivyo. (Wamachame na Wakibosho wenzangu, The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952 msiikimbilie kwa ajili ya mlima. Gregory Peck amelala kitandani kambini mguu unaoza, anakumbuka wanawake, na sehemu kubwa imepigwa studio.)

Kwa hiyo baada ya Hatari! huwa namwekea mtu La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, mwaka 1966. Diouana, binti wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Akifika Antibes hakuna watoto, kuna jiko, kudeki na kufokewa. Haongei sana na mabosi wake, lakini sisi tunasikia anachowaza, picha nzima, kwa sauti yake. Ina kama saa moja tu. Dada yangu, ambaye binti yake alikuwa ameshatafutiwa kazi za ndani Uarabuni na mtu wa kumpigia simu tu, aliiangalia kimya hadi mwisho, akaniomba niiweke kwenye flashi ili binti aione mwenyewe. Niliiweka, na nikaongeza Sholay nafasi ilipobaki.