Maswali na Majibu: Sindano ya Goti na Bili Inayoifuata

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu sindano ya steroidi, ile ambayo wengi wetu tunaoishi Marekani tunaiita kotisoni, na ambayo huchomwa kwenye goti au bega lililochoka kwa kazi za ghalani na za kuinua wagonjwa. Nimechagua chache.

Sindano ya goti ni bei gani? (Wasomaji kadhaa)

Anayeuliza hivi bila kutaja bima aliyo nayo, dawa atakayochomwa na mahali atakapochomwa ni kama abiria anayeuliza nauli bila kusema anakokwenda. Nimeshalisema hili mara nyingi. Leteni hayo matatu, ndipo tuzungumze.

Mwaka jana nilichomwa sindano ya goti nikalipa dola 40. Mwaka huu daktari ni yuleyule, chumba ni kilekile, dawa ni ileile, lakini nimeletewa bili ya dola 612. Je, nimeibiwa? (Columbus, Ohio)

Kisheria hujaibiwa, dada yangu, ingawa uchungu wako ninauelewa. Ukirudi pale, tazama kibao cha mlangoni: nina hakika kubwa kwamba utakuta jina la hospitali ambalo mwaka jana halikuwapo. Dawa yenyewe, triamsinoloni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kenalog, ni ya miaka mingi, na kipimo cha kawaida cha goti, miligramu 40, ni cha dola chache tu. Kazi ya kuchoma ina msimbo wake wa bili, 20610, nayo hulipiwa kando. Hospitali inapoinunua ofisi ya daktari, mara nyingi huongeza dai la tatu, yaani ada ya jengo, kana kwamba umetibiwa hospitalini; na kwa bima nyingi ada hiyo haimo katika zile dola 40 ulizozoea kulipa mapokezini, bali huangukia kwenye kiwango unachojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia.

Mimi mwenyewe nilipochomwa bega niliomba bili yenye mchanganuo, nikakuta mistari minne: daktari, kazi ya kuchoma, dawa na chumba. Mstari wa dawa ulikuwa mdogo kuliko yote. Chumba hicho kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na bango la uti wa mgongo lililoanza kubanduka ukutani.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 hospitali zinatakiwa kutangaza bei zake, zikiwamo zile zilizokubaliana na kila kampuni ya bima, kwa hiyo tafuta msimbo 20610 kwenye orodha ya hospitali husika. Kabla ya miadi, piga simu uulize swali moja: «Je, mahali hapa panatozwa kama idara ya hospitali?» Wakikubali, muulize daktari kama ana ofisi nyingine isiyotozwa hivyo. Kuuliza ukiwa umeshachomwa hakupunguzi hata senti.

Bima imeniletea karatasi iliyoandikwa «hii si bili». Nilipe?  (Louisville, Kentucky)

Hapana, lakini itunze, uje kuilinganisha na bili yenyewe.

Kwenye bili yangu dawa imeandikwa J3301, vizio 40. Ni sahihi? (Dallas, Texas)

Hili ndilo swali nililotamani wote waulize. Kama ulichomwa miligramu 40, si sahihi. Kizio kimoja cha J3301, ambao ni msimbo wa triamsinoloni, ni miligramu 10, kwa hiyo ulistahili vizio 4. Mwandishi wa bili ameandika miligramu mahali pa vizio, na dawa ikazidishwa mara 10. Waombe walinganishe bili na kumbukumbu za daktari, na usilipe mpaka wakujibu kwa maandishi. Ila usiende kufoka kabla ya kusoma msimbo vizuri. Ingekuwa umechomwa steroidi nyingine, methiliprednisoloni, ile ya Depo-Medrol, kwa msimbo J1010, kizio ni miligramu 1, na hapo vizio 40 vingekuwa halali kabisa.

Mama yangu ana Medicare na anasumbuliwa na magoti yote mawili. Atalipa nini? (Minneapolis, Minnesota)

Mfikishie shikamoo yangu. Sindano hii hulipiwa na Sehemu B ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ile sehemu inayolipia madaktari: mama anajilipia kwanza kiwango cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257, kisha asilimia 20 ya kiasi kilichoidhinishwa na Medicare, na akichomewa hospitalini, hospitali humtoza malipo mengine juu ya hayo. Kama mpango wake wa Medicare unaendeshwa na kampuni binafsi, masharti ni mengine, na huenda kibali cha kampuni hiyo kikahitajika kwanza. Akipendekezewa Zilretta, fahamuni kwamba ni triamsinoloni hiyohiyo iliyotengenezwa itoke polepole, na ilipoingia sokoni mwaka 2017 bei yake ilitangazwa kuwa dola 570 kwa sindano moja.

Hukuuliza, lakini nitasema. Kama mama ana kisukari, apime sukari kila siku baada ya sindano, maana inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Vilevile asiifanye kuwa desturi: utafiti wa mwaka 2017 uliofuatilia wagonjwa 140 kwa miaka 2 ulionyesha kwamba waliochomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12 walipoteza gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye goti, zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi wenzao.

Sina bima. Nikalipe taslimu tu? (Houston, Texas)

Usitoe fedha kabla ya kupewa makadirio ya maandishi, ambayo ni haki yako kisheria tangu tarehe 1 Januari 2022 ukipanga matibabu mapema. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaruhusiwa kuipinga. Kama ni hospitali isiyo ya faida, omba pia fomu ya msaada wa fedha, kwa sababu sheria inaitaka iwe na utaratibu huo, hata kama karani wa mapokezi atakutazama kana kwamba umeomba kiti chake. Kwa pingamizi la makadirio, siku zako ni 120, zikihesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye bili, si tangu siku uliyofungua bahasha.