Kuchekecha majivu Altadena: jiandaeni hivi

Dada, nimekuelewa: vijana wa kanisa lenu wanataka kwenda Altadena, California, kuwasaidia waliounguliwa nyumba na moto wa Eaton ulioanza Januari 7, 2025, kuchekecha majivu kutafuta vitu vyao vilivyosalia, na hamjui muanzie wapi.

Msiende kiholela. Jiandikisheni kwa wanaoratibu kazi pale, na msiingie kiwanja cha mtu bila ruhusa yake.

Majivu ya nyumba si ya jikoni. Nyumba nyingi za zamani zina madini ya risasi kwenye rangi, hata asbesto, nyuzi za ujenzi zinazodhuru mapafu. Vaeni barakoa za N95, zinazochuja vumbi laini na kubana uso (kitambaa hakisaidii), glavu, viatu vya soli ngumu. Nyunyizeni maji kidogo kabla ya kuchekecha. Mwenye pumu au mjamzito asichekeche, asaidie kugawa chakula. Anayebanwa kifua aende hospitali mara moja.

Nilichekecha majivu Paradise, mji wa California, baada ya moto wa 2018. Mama mmoja alitafuta pete ya marehemu mumewe. Tulipata mkono wa kikombe cha mumewe tu. Aliushika muda mrefu, akiufuta kwa kidole. Mkikutana na mtu kama huyo, msiharakishe kuhubiri, kaeni naye. Akisema hataki kuishi, msimwache peke yake. Mtafutieni mtaalamu saa hiyohiyo.