Pampu ya mkono au ya umeme?

Mdogo wangu, umeuliza ununue pampu ipi ya kukamulia maziwa ya mtoto maana likizo inaisha na unarudi kufundisha huko Urambo. Chukua ya mkono. Ofisi ya walimu soketi zenyewe zinagombewa na simu, na umeme ukikatika ile ya waya inabaki pambo. Mfuko ukiruhusu, ya kuchaji ni raha, unakamua huku unasahihisha madaftari.

Ila kabla ya bei angalia faneli, ile sehemu inayokaa kwenye titi. Chuchu iingie na kutoka bila kusuguana pembeni. Ikibana utaambulia michubuko na maziwa kiduchu. Uliza pia kama vile vimpira vya valvu vinauzwa peke yake. Vikilegea pampu haivuti, na muuzaji atafurahi kukuuzia nyingine nzima!

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 hivi, joto lisipozidi nyuzi 25. Kwa jua la Oktoba la Tabora hiyo sahau, beba kibegi chenye barafu. Nyumbani bibi amnyweshe mtoto kwa kikombe, chupa kuisafisha ni kazi.

Halafu mwambie mkuu wako mapema: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ya kazi. Kama unakaa jirani na shule, pampu utaigusa mara chache tu.