Diski inalia tik-tik

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga picha za harusi hapa Morogoro. Diski yangu ya nje ilianguka kutoka mezani. Sasa inalia tik-tik na kompyuta inanitaka niifomati. Rafiki anasema niiweke kwenye friza. Ndani mna harusi mbili sijawakabidhi wenyewe.

JIBU: Marahaba. Ichomoe, na usifomati chochote. Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vimeharibika. Kila ukiiwasha vinaweza kukwangua sahani zenye data, na kilichokwanguliwa hakirudi. Friza waachie samaki, unyevu utaimaliza. Wala asiifungue fundi wa kibandani: vumbi tu linatosha kuiua. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake inauma.

Ingekuwa hailii, ningesema inakili yote kwa ddrescue (programu ya kunakili diski yenye hitilafu) kwenye diski nyingine, kisha uchimbe picha kwenye nakala.

Lakini kadi za kamera je? Hata kama umezifomati, mradi hujapiga picha nyingine juu yake, anza na hizo. PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, ni ya bure. Picha utakazopata zihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile. Huenda maabara usiihitaji kabisa.