Programu huria, ya bure au ya wazi? Swali la binti wa Mwanga, Kigoma

Swali limeletwa na binti mmoja wa hapahapa Kigoma, anakaa Mwanga, kapata kazi ya muda kwenye utafiti wa hospitali, kazi yake kutafsiri makaratasi. Kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Tuna fomu ya ridhaa ya washiriki inatakiwa iwe kwa Kiswahili kabla wiki haijaisha. Kuna sentensi inasema picha za altrasaundi na CT za mshiriki zitafanyiwa kazi na programu ya opensosi. Mimi nimeandika programu ya bure, mwenzangu kasema iwe programu wazi, daktari anataka programu huria ila anaogopa akina mama hawataelewa. Lipi sahihi?"

Marahaba binti yangu. Opensosi, kwa Kiingereza open source, ni programu ambayo maelekezo yake ya ndani yamewekwa hadharani. Andika huria, daktari wako kapatia. Lakini na hofu yake nayo ni ya kweli kwa hiyo usiliache neno peke yake, na hayo mengine mawili naomba uyatoe kabisa, nakwambia kwanini.

Bure lina sura mbili. Kitu ambacho hukukilipia ni cha bure, sawa, ila pia tunasema nimeenda Ujiji bure, yaani nimeenda mtu mwenyewe sikumkuta, na tunasema kazi bure, na mtu wa bure ni yule asiyefaa kitu. Sasa mama katoka Kalinzi asubuhi na mtoto mgongoni, anasomewa kwamba picha ya tumbo lake itapimwa na programu ya bure, si ataona kapelekwa kwenye vitu vya ovyoovyo kwa vile hana hela? Na hizo programu zenyewe sio za kubahatisha hata kidogo. 3D Slicer ilianza 1998 kule Boston, Marekani, kazi ya hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT, na mpaka leo watafiti wanaitumia kuchora mipaka ya ini, ya uvimbe, ya ubongo, halafu wanapima ukubwa wake. ImageJ kaiandika Wayne Rasband akiwa kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani, 1997. Orthanc, ile ya kutunza na kupitisha picha toka mashine moja kwenda kompyuta nyingine, imetoka hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Vitu vya watu waliokaa miaka wanaandika na kukaguana, huwezi kuviita vya bure ukaishia hapo.

Halafu kutolipia sio ndo maana yake. Hata Waingereza hapa wanapata shida, neno lao moja, free, linabeba uhuru na kutolipa kwa pamoja, inabidi wajieleze kila siku wanamaanisha lipi. Sisi hatuna shida hiyo, tunayo mawili, bure huku na huru kule, sasa kwanini tujiletee mkanganyiko ambao lugha yetu haina?

Wazi ndo linaloniogopesha zaidi. Mwenzako anaona ni tafsiri nyoofu, kilicho wazi ni kile ambacho hakijafungwa, na kwenye ofisi ya wataalamu wangeelewana. Ila kaa upande wa mshiriki. Yeye kwenye hiyo sentensi anaona vitu viwili, picha yake na neno wazi, hiyo programu katikati hata haijui, basi atachukua wazi akalibandike kwenye picha. Ataelewa picha za mwili wake zinawekwa wazi kila mtu azione. Akikataa kusaini hutaweza kumlaumu, na akisaini akiwa anaamini hivyo ndo mbaya zaidi.

Tuje kwenye huria. Asili yake ni Kiarabu, neno la uhuru, ni ndugu na huru, ila kwenye matumizi yetu wamegawana kazi. Neno huru tunalitumia kwa watu na nchi, mtu huru, nchi huru. Huria tunalitumia kwa mambo yaliyofunguliwa ili mtu yeyote aingie afanye, bila mmoja kukaa mlangoni anachagua. Soko huria tumelisikia tangu miaka ya 80 biashara zilipoanza kuachiwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na ada watu wanalipa, hakuna aliyewahi kudhani huria pale maana yake hulipi. Soko nalo ni huria ila pale sokoni Kibirizi hakuna anayekugawia samaki, hata mgebuka mmoja. Kwa hiyo mtu wa kawaida kashalizoea neno, anajua linahusu kufunguliwa kwa mlango, na programu ya namna hii ndivyo ilivyo: maelekezo yake ya ndani, msimbo wake, umewekwa hadharani, anayejua anaweza kuusoma, kuubadilisha, kuupitisha kwa mwingine, kwa masharti ya leseni yake. Leseni zinatofautiana, ImageJ imeachwa iwe mali ya umma kabisa, Slicer ina leseni yake yenye masharti mepesi, lakini hilo halina haja kuingia kwenye fomu.

Kitu kidogo cha sarufi, nimeona watu wanaandika programu ya huria. Toa hiyo "ya". Ni programu huria, kama soko huria, na huria halibadiliki hata ukisema masoko huria au vyuo huria.

Sasa sentensi yako ningeiandika hivi: "Picha zako zitachambuliwa kwa kompyuta kwa kutumia programu huria, yaani programu ambayo maelekezo yake ya ndani yamewekwa hadharani ili mtaalamu yeyote aweze kuyakagua na kuyarekebisha. Kilicho hadharani ni programu. Picha zako hazitawekwa hadharani." Hiyo ya mwisho usiiandike mpaka umemuuliza daktari kama ndivyo walivyopanga. Programu kama Slicer inakaa kwenye kompyuta ya mtafiti mwenyewe, picha haina haja ya kutoka kwenda popote, lakini miradi mingine hupanga kushirikisha picha kwa watafiti wengine baadaye, na kama wamepanga basi mshiriki aambiwe kwa Kiswahili kilekile cha kueleweka.

Umeona nimetumia kuchambua. Hospitalini tumezoea kusema daktari anasoma picha, na wewe pengine utashawishika kuandika programu itasoma picha zako. Usiandike. Kusoma picha ni kutoa majibu, mgonjwa akisikia imesomwa anangoja kuambiwa ana nini, wakati hii ni ya utafiti, hata wanaotengeneza Slicer wanasema wazi haijaidhinishwa kutolea matibabu. Kuchambua tunalijua toka jikoni, unachambua mchicha, unachambua dagaa, kichwa huku nyama huku, kila kitu mahali pake, na mtafiti anayechora mpaka wa ini kwenye picha, hili ini hili figo, anafanya hichohicho. Kwahiyo programu inachambua na kupima, anayesoma ni daktari.

Na nikuombe kitu ambacho hukuniuliza. Angalia kama kwenye hiyo fomu mmeandika picha za mionzi kwa zote mbili, altrasaundi na CT. Niliwahi kumsindikiza binti wa dada yangu kliniki, mimba ya miezi sita, wakaja watu wa utafiti na karatasi yao imeandikwa "utapigwa picha ya mionzi ya tumbo". Nilimuona alivyoishika ile karatasi, alisoma mpaka kwenye mionzi akaikunja mara mbili akarudisha, akasema mimi mwanangu hapana. Na kumbe ilikuwa altrasaundi tu! Altrasaundi inatumia mawimbi ya sauti, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio, mionzi ya aina ile inayoogopwa iko kwenye eksirei na CT. Neno mionzi limezoeleka kwa kila picha ya hospitali kwa vile idara yenyewe inaitwa ya mionzi, ila kwenye karatasi anayosainishwa mtu mazoea hayatoshi. Andika altrasaundi ni picha ya mawimbi ya sauti, CT ni picha ya mionzi, kila moja na sentensi yake, na mwenye CT aambiwe ukweli wa mionzi bila kupunguza.

La mwisho, jina. Fomu nyingi zinasema majina yatafichwa. Kilichofichwa kipo, anayejua pa kutafuta atakipata. Faili za hizi picha, zile za DICOM, yaani aina ya faili ambayo mashine za hospitali hutunzia picha, zinabeba jina na tarehe ya kuzaliwa ndani kwa ndani, hata ukibadilisha jina la faili vinabaki, na altrasaundi mara nyingi jina limeandikwa juu ya picha yenyewe pale pembeni, linaonekana kwa macho, hilo mpaka lizibwe kwenye picha. Kama mradi wenu unafanya hivyo vyote andika "jina lako litaondolewa kwenye picha na badala yake itawekwa namba". Na kama kuna daftari linalounganisha namba na jina, sema lipo, na sema anayelitunza ni nani.

Ukimaliza usinitumie mimi kwanza. Msomee mama mmoja hapo nje kwenye benchi, asome yeye au umsomee, halafu muulize picha zake zitaenda wapi. Akikujibu sawasawa, peleka kwa daktari.